Shingo ya Dalali

Siku ya mnada, wodini kwetu Bariadi hatukuhitaji kuuliza kama soko limeanza. Sauti ya Dalali ilitoka uwanja wa ng'ombe, ikavuka barabara ya vumbi na mabanda mapya ya mitumba, ikatuingilia madirishani. Hakuwa na kipaza sauti. Alisimama juu ya gogo la zizi, fimbo mkononi, akaita bei kwa Kiswahili na kuwatania wauzaji kwa Kisukuma, na wagonjwa wetu wenye mifugo walijiinua kwenye mito ili wasikie vizuri. Mzee mmoja aliyefungwa plasta mguu mzima alinikataza kumchoma sindano mpaka fahali fulani auzwe.

"Subiri kwanza, nesi. Wacha nisikie anaishia wapi huyo."

Mtaa mzima ulimwita Dalali, hata mke wake. Mimi nilikuwa nesi wa hospitali ya wilaya, mgeni pale ingawa Kisukuma nilikijua, na nyumba niliyopanga ilitenganishwa na yake kwa ua wa minyaa. Kwa hiyo nilimjua Dalali wa pili, yule wa nyumbani, ambaye mnadani hawakumjua kabisa. Huyo hakusema kitu. Alirudi jioni, akakaa kwenye kigoda, akanywa maji, na akitaka chumvi alielekeza kwa kidevu. Mke wake, ambaye sote tulimwita Mayu, yaani mama, aliongea kwa niaba ya wote wawili. Nilimwuliza siku moja kama huwa hawagombani.

"Agombane na nini?" alisema. "Sauti anaimalizia kwa ng'ombe za watu. Mimi naletewa mwili tu."

Mnadani alikuwa na sheria yake mwenyewe. Kabla hajaita bei alimgeukia mwenye ng'ombe na kumwuliza mbele ya umati, "Ubaya wake nini?" Mtu ataje: anapiga teke, ana jicho bovu, aliwahi kutupa mimba. Ukisema hana ubaya wowote, alikujibu, "Basi mrudishe nyumbani. Mzuri hivyo unamuuza wa nini?" Watu wakacheka, na muuzaji akasema ukweli. Wachungaji waliotoka mbali, hata Migato, walimwamini kwa hilo, na wanunuzi wengine walimchukia kwa hilo hilo.

Maana ilikuwa miaka ile soko limefunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wametundika mizani vijijini, na wa ng'ombe walikuja na malori yao. Baadhi yao hawakutaka kufika mnadani. Waliwasubiri wachungaji njiani, alfajiri, wakamalizana nao porini. Dalali aliwakemea kwa majina kutoka juu ya gogo. "Anayekununulia njiani," aliwaambia wachungaji, "ni kwa sababu hataki wenzake wasikie bei." Alijua kuwa malori yale yangeweza kuimaliza kazi yake, na aliita kwa nguvu zaidi kila wiki, kana kwamba sauti peke yake ingewazuia.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Aliuza ng'ombe maisha yake yote na nyama ya ng'ombe hakuila. Hakumwogopa fahali yeyote, lakini sindano ilimtoa jasho, na nikiingia kwao na sare ya kazi alihamia upande wa pili wa ua. Alikuwa mzee wa kanisa, tena mkali. Waumini waliokwenda kwa waganga aliwasema hadharani, na mara moja alimfanya mama wa watu alie mbele ya usharika kwa sababu ya hirizi ya mtoto. Nilimwona ni mtu mgumu. Bado naamini alikuwa mgumu.

Ugonjwa wake niliuona kwenye mikono kabla haujafika miguuni. Dalali alikuwa mtu wa kaunda suti, iliyopigwa pasi, imefungwa vifungo mpaka shingoni hata kwenye jua la saa nane. Ghafla akaanza kwenda mnadani na fulana za mitumba, zile za kuvaa kwa kupitisha kichwa. Vijana wakamtania kwamba amepata kibinti. Mayu ndiye aliyeniambia sababu, akiwa amesimama upande wake wa minyaa, akipunguza sauti, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Vifungo vimemshinda, mwanangu. Anahangaika navyo mpaka anatukana. Jana kikombe kimemtoka mkononi na yeye mwenyewe hakujua kimetoka."

Nikamwambia amlete hospitali. Akacheka kidogo, bila furaha. "Umlete wewe."

Halafu ikaja miguu. Alianza kutembea kama mtu anayevuka mto, miguu ameitanua, anakanyaga kwa kutafuta. Watu wa Bariadi walikuwa na jibu moja kwa mwendo wa namna hiyo. Maneno yakafika kanisani, na baraza la wazee likamwita ajieleze kuhusu pombe. Sikuwepo, lakini Mayu alikuwepo nje ya dirisha. Dalali alisimama kuwajibu. Akasema, "Pombe sijaionja tangu nibatizwe," na alipomaliza kusema hivyo akayumba, akashika kiti, kiti kikaanguka naye. Hakuna aliyemwinua haraka. Walimsimamisha uzee wa kanisa siku hiyo hiyo.

Wengine hawakusema pombe. Walisema wanunuzi wa njiani wamemroga. Dalali alizikana habari hizo kwa hasira, lakini asubuhi moja alipoinama kunawa uso niliona kwenye shingo yake, nyuma, chale mbichi zilizopakwa dawa nyeusi, zimepangana vizuri. Akajua nimeziona. Akavuta ukosi wa fulana juu.

"Mwangaluka, nesi," akanisalimia, kama vile nimefika wakati huo.

"Mwangaluka, baba."

Hatukuzungumzia zile chale, siku hiyo wala baadaye.

Kilichomleta kwetu ni kuanguka. Alikuwa juu ya gogo, katikati ya bei, akageuza kichwa kumtafuta mnunuzi aliyenyoosha mkono nyuma yake, na tukasikia wodini sauti imekatika. Haikupungua, ilikatika. Mzee wa kitanda cha dirishani akasema, "Kuna kitu." Nilitoka mbio. Alikuwa ameangukia ndani ya zizi, chali, ng'ombe wakizunguka na kukanyagana, na alikuwa anaitazama miguu yao bila kujitahidi kujisogeza. Wachungaji walipanga miili yao kama ukuta mpaka tukamtoa. Alikuwa na akili zake zote. "Siisikii mikono," aliniambia. "Ipo?"

Ilikuwepo. Baada ya saa chache ilianza kurudi, ikiwaka kama iliyomwagiwa pilipili. Daktari wetu alimgonga goti kwa nyundo ndogo na mguu ukaruka kuliko unavyotakiwa. Akamwinamisha kichwa taratibu, na Dalali akapiga kelele kwamba umeme umemshuka mgongoni mpaka kwenye vidole vya miguu. Daktari akaniita pembeni. Akasema tatizo haliko mikononi wala miguuni. Liko shingoni, kuna kitu kinaubana ugwe, uzi wa neva unaopita katikati ya mifupa, na tukichelewa hatatembea, na baadaye hata choo hatakizuia. Mwanza, haraka.

Nikapewa ruhusa ya kumsindikiza. Basi lilipita Lamadi kwa barabara ya mashimo, na kila shimo lilikuwa hatari. Mayu alikuwa amemviringishia khanga shingoni, moja juu ya nyingine, na njia nzima alikishika kichwa chake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Ni safari pekee niliyowahi kumwona Mayu kimya.

Kwenye hospitali kubwa walimchoma dawa mgongoni na kumpiga picha, ili dawa ionyeshe pale ugwe unapobanwa. Kisha wakatuita chumba kimoja na madaktari wawili. Mmoja alikuwa mzee, bingwa wa mifupa, mikono minene, miwani imefungwa kwa uzi. Wa pili alikuwa kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni nje. Dalali alikaa kwenye kiti cha magurudumu, kola ngumu shingoni. Kiswahili alikijua vizuri, lakini aliniomba kila neno la daktari nimrudie kwa Kisukuma. "Ng'ombe huyu ni wangu mwenyewe," alisema. "Nataka kumsikia kwa lugha ya nyumbani."

Daktari mzee alianza. Ugwe unapita kama kwenye korido, alisema, mbele kuna miili ya mifupa na nyuma kuna paa. Korido imekuwa nyembamba. Yeye angefungua shingo kwa nyuma, aondoe paa pale panapobana, na ugwe upate nafasi ya kurudi nyuma na kupumua. Kazi hiyo ameifanya miaka mingi.

Daktari kijana akaiinua picha kwenye mwanga. "Samahani, mzee wangu. Tazama shingo ilivyokaa." Akapitisha kidole. "Ilitakiwa iwe na mpindo kuelekea nyuma. Huu umekwisha, imeanza kuinamia mbele. Na kinachobana kiko mbele: mito miwili laini ya kati ya mifupa imepasuka, na mfupa umeota pembeni. Tukiondoa paa, ugwe hautarudi nyuma. Utabaki umekilalia kile kile. Na shingo bila paa itazidi kuinama."

"Wewe ungefanyaje?"

"Ningeingia mbele. Nitoe ile mito na mfupa ulioota, halafu nikate kipande cha mfupa wa nyonga yake nikipachike pale, mifupa iungane."

"Ukipita wapi?"

"Kando ya koo."

Mzee akavua miwani. "Kando ya koo kuna mshipa mkubwa wa damu. Kuna umio. Ukikosea nyuma, naweza kukuokoa. Ukikosea mbele, damu ya kumwongezea unaijua ilipo?"

Kijana akaishusha picha. Alisema kuna hata njia ya tatu, ya kulikata paa upande mmoja na kulifungua kama mlango badala ya kuling'oa, aliiona alikosoma. Lakini msumeno wake mdogo hapa haupo, na kwa shingo iliyoinama bado asingeichagua.

Nilitafsiri. Neno la ugwe nilikosa la Kisukuma, nikasema kamba. Dalali alisikiliza akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua, aliwatazama wote wawili kwa jicho ambalo nilikuwa nalijua kutoka mnadani.

"Uzuri nimeusikia," alisema. "Sasa kila mmoja aniambie ubaya wa njia yake mwenyewe. Asiseme ya mwenzake."

Daktari mzee ndiye aliyeanza, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Alisema wagonjwa wake wengine walitembea vizuri mwanzoni, kisha baada ya miaka shingo ikakunjika, kidevu kikashuka kifuani. Si wote. Lakini wapo, na picha ya Dalali inampa wasiwasi huo.

Daktari kijana alichukua muda zaidi. "Kipande cha mfupa kinaweza kuhama. Kumeza kunaweza kuwa kugumu." Akagusa kando ya koo lake mwenyewe. "Na neva ya sauti inapita pale pale tunapopasogeza. Ikivutwa, sauti inakauka. Mara nyingi inarudi. Safari nyingine hairudi. Na jambo lingine ni kwamba kule nilikosoma siyo hapa. Kule nilikuwa namsaidia mwalimu wangu. Hapa wewe utakuwa wa kwanza."

Neno la sauti sikulitafsiri mara moja. Dalali hakunisubiri. Alikuwa amelisikia kwa Kiswahili, na mikono yake ilikuwa imeshaanza kutafuta magurudumu ya kiti.

"Niondoeni humu," akasema.

Tukamtoa kwenye baraza. Akasema atafanyiwa ya nyuma. Shingo ikija kukunjika, ikunjike. Ataita bei akitazama chini. Bila sauti, alisema, yeye ni nani? Uzee wa kanisa alishavuliwa, ng'ombe wake mwenyewe hana, na wale wa malori wangecheka mpaka wafike Shinyanga. Aliongea mfululizo kuliko nilivyowahi kumsikia akiwa nje ya uwanja wa ng'ombe. Mayu alimwacha amalize. Kisha akachuchumaa mbele ya kiti, akaiweka mikono yake juu ya ile ya mume wake.

"Sauti ulikuwa unawapa wao," alisema kwa Kisukuma. "Mimi sijawahi kuipata, na sijawahi kuidai. Lakini usiku ukinigusa siku hizi hujui kama umenigusa. Unadhani silijui hilo? Mimi nataka mtu anayejua ameshika nini."

"Nikibaki bubu?"

"Nitaongea mimi. Nimeshazoea."

Dalali aliutazama ukuta wa wodi ya watoto. Wauguzi walipita na sufuria ya uji. Mwishowe akaniambia, "Kamwambie kijana." Na nilipokwisha kupiga hatua chache akaniita tena. "Mwambie na yule mzee awepo. Sitaki kijana awe peke yake huko ndani."

Yule mzee alikuwepo. Alikuwa ameipinga njia ile mbele ya mgonjwa, na asubuhi ya upasuaji alinawa mikono na kusimama upande wa pili wa meza kama msaidizi wa kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kabla hajaenda nje. Naweza kusimulia haya kwa sababu niliruhusiwa kusimama ukutani. Niliona ngozi ikifunguliwa upande wa shingo, koo likivutwa pembeni kwa chuma kilichopinda, na mzee akikishika kile chuma bila kutikisika, akikilegeza kila baada ya muda. "Pumzisha hapo," alikuwa anasema. "Neva iko hapo. Pumzisha." Wakati fulani damu ilijaa ghafla na mtu wa dawa ya usingizi akainua kichwa. Kijana alibana kwa kitambaa, akakibana, akakibana, jasho likimtiririka mpaka nesi akamfuta, na mzee akamwambia taratibu, "Usikiondoe ili kuangalia. Subiri." Walisubiri. Kijana alipoondoa kitambaa, shimo lilikuwa kavu.

Nje, Mayu alikuwa amekaa chini na khanga zake mapajani. Nilimwambia ametoka mezani salama, mengine hatujui bado.

Dalali alipozinduka vizuri, daktari kijana alimpa vidole viwili. "Kamata." Dalali akakamata, na kijana akakunja uso kwa maumivu, kisha akacheka kama mtoto. Akamwambia avunje kipande cha mkate. Akavunja. Daktari mzee akauliza, "Jina lako nani?" Dalali akafungua kinywa. Ikatoka pumzi. Akajaribu tena, mishipa ikasimama, ikatoka pumzi. Mayu akageukia dirisha.

"Tuipe muda," alisema daktari mzee. Hakumtazama mwenzake.

Tuliipa. Alirudi Bariadi akitembea kwa fimbo, na mwendo wake ukanyooka mwezi kwa mwezi. Sauti ilirudi nusu: mkwaruzo, kama mlango wa bati unaoburutwa chini. Siku moja alipanda tena kwenye gogo. Nilisimama mlangoni mwa wodi kusikiliza na sikusikia chochote, na baada ya muda nikamwona anapita barabarani kurudi nyumbani, ameshika fimbo yake ya mnada kwa katikati. Hakupanda tena. Akaja dalali kijana mwenye kipaza sauti cha betri, ambaye hakuwauliza watu ubaya wa ng'ombe zao, na wenye malori wakaanza kuingia uwanjani bila wasiwasi.

Kanisa lilimrudishia uzee wake. Mchungaji alikuja na ujumbe huo nyumbani, mbele yetu majirani, na Dalali akamsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukataa, akaelekeza kikombe cha chai kwa kidevu ili mgeni anywe. Alibaki muumini wa benchi la nyuma. Yule mama wa hirizi alikuwa anakaa benchi hilo hilo, na Jumapili moja niliona Dalali amemsogelea na kumwambia jambo sikioni. Mama yule alishtuka, kisha akampa mkono. Mayu alisema miaka ile ya mwanzo ilikuwa mibaya: hakuwa anajua kama mume wake amenuna au sauti imegoma tu, na kuna siku alimrushia sahani ili angalau apate jibu.

Mimi nilihamishwa, nikazunguka vituo vingine. Nilirudi huku wakati Simiyu tayari ni mkoa na Itilima wilaya, nikapangiwa Lagangabilili, kati ya ofisi zilizokuwa bado zinanuka rangi. Nikasikia kwamba Dalali na Mayu wamehamia huko, kwa mtoto wao anayelima. Nikaenda siku ya mapumziko, mchana.

Niliwakuta upenuni. Mayu alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, amezeeka, mabega yameganda kiasi kwamba mikono haiinuki kufika kichwani. Dalali alikuwa amekaa nyuma yake kwenye kiti kifupi, amembana kwa magoti, na alikuwa anamsuka. Kovu la shingoni lilikuwa limezama kwenye mikunjo ya ngozi. Nywele za Mayu zilikuwa nyeupe na chache, na yeye alizigawa kwa ncha ya kitana, akashika mafungu matatu madogo, akayapitisha moja juu ya jingine, polepole, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Mistari haikunyooka hata mmoja.

"Mwadila, baba. Mwadila, mayu."

"Mwadila, mwanangu!" Mayu alinitambua kwa sauti kabla hajageuka. "Karibu ushuhudie. Ananichafua huyu. Nikienda kanisani watu wanauliza nani amepigana nawe."

Nikacheka, nikakaa. Nikamwuliza Dalali anaendeleaje. Akanyanyua mkono uliokuwa na kitana, akaukunja na kuukunjua mbele yangu, akarudi kazini.

"Vuta," Mayu akamwambia. "Hapo nyuma umelegeza. Vuta bwana, siumii."

Akavuta. Kisha akainama mpaka mdomo ukafika sikioni kwake, akamwambia kitu. Mimi nilikuwa karibu nao kiasi cha kuwagusa na sikukisikia. Mayu alicheka mpaka mabega yale yaliyoganda yakatikisika, akajifuta macho kwa pindo la khanga.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Achana naye," alisema Mayu. "Hilo ni langu."